Rashasha Haiwekwi Chini

Taarifa za kifo chake zilinikuta barabarani Zinga, nikiwa nimelishika nanasi kwa mikono miwili na kulinusa kitakoni, kama afanyavyo kila mtu anayetaka kuonekana anajua mananasi. Mimi sijui mananasi. Hunusa, nikakunja uso, nikatikisa kichwa, kisha nikanunua lile ambalo mwenye genge amenichagulia tangu mwanzo. Safari hii mama muuza matunda hakusema bei. Alifuta mikono kwenye kanga yake, akaniambia, "Hilo limetoka shambani kwa afande wako, Kiwangwa. Alilikata mwenyewe juzi. Leo tunamzika, baada ya adhuhuri. Nilijua utapita, nikakuwekea." Nikamuuliza afande yupi, ingawa katika maisha yangu nimekuwa na afande mmoja tu. Akanijibu kwa upole kwamba ni yule yule. Nikasema inna lillahi, nikapanda gari la kwanza lililokuwa linakwenda upande wa Kiwangwa, na nusu ya njia nikagundua kwamba bado nimelipakata nanasi.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wananijua. Nimewaandikia kuhusu samaki wa kukaanga, kuhusu harusi zisizokwisha, kuhusu majirani wanaoazima ungo wakasahau mlango waliotokea. Kuhusu silaha sijawahi kuandika, kwa sababu nzuri kabisa kwamba sizijui. Panya akiingia nyumbani kwangu anayemshughulikia ni mke wangu. Mimi hushika taa. Lakini kwa miezi michache ya ujana wangu nilikuwa mwanamgambo, na kwa kitambo cha kumaliza kikombe cha kahawa nilikuwa mwanamgambo mashuhuri kuliko wote mjini Bagamoyo. Mtu aliyenitoa katika umashuhuri huo nikiwa hai ndiye tuliyemzika.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Serikali ilitaka kila mwajiriwa ajue kulinda nchi yake, na mimi nilikuwa mwajiriwa: karani wa ghala la korosho, mwembamba, mfupi, mwenye kalamu mbili mfukoni mwa shati, moja ikiwa haina wino ila ina kifuniko kizuri. Kila alasiri baada ya kazi tulikusanyika uwanjani, walimu, makarani, mafundi cherehani na wauguzi, tukafundishwa kutembea sote kwa mguu mmoja. Mkufunzi wetu alikuwa koplo, Mzigua wa Mkange, mrefu, mpole wa sauti, aliyekaa jeshini miaka kadhaa huko mpakani kusini kabla ya kuletwa kwetu. Tulimwita afande, nami nitamwita hivyo hivyo hapa, maana sikuwahi kumwita vinginevyo hata tulipozeeka sote na yeye akawa mkulima wa mananasi.

Silaha za kufundishia zilikuwa za mbao. Kazi ya kuzichonga alipewa fundi wa milango ya nakshi, na hapo mambo yalipinda kidogo, kwa kuwa fundi wa milango wa Bagamoyo hajui kuuacha ubao mtupu. Alionyeshwa mchoro wa bunduki, akaleta bunduki za mninga zilizochongwa mawaridi kwenye kitako na mnyororo kuuzunguka mtutu mzima. Afande akazikagua moja moja. "Fundi, haya maua ni ya nini?" akauliza. Fundi akamjibu, "Afande, ulitaka bunduki au ulitaka kuni?" Afande akafikiri, akasema maua yale yatawaumiza vijana mabega. Na kweli yalituumiza. Mpaka leo mke wangu hudai mbele ya wageni kwamba nina alama ya waridi begani, jambo ambalo si kweli. Ni alama ya jani.

Bunduki ya kweli ilikuwa moja, nayo ilikuwa rashasha. Msidhani ni lile dubwana la miguu miwili linalolazwa juu ya kifusi. Hii ilikuwa fupi. Ukiikunja kitako chake cha chuma iliingia katika kikapu cha sokoni, na juu yake ukaweza kuweka mchicha. Kila alasiri afande aliifungua juu ya mkeka, akaipanguza kwa kipande cha kanga kuukuu, akatuonyesha matumbo yake. Mwili wake ulikuwa wa bati gumu lililokandamizwa kwa mashine, kama sufuria. Ndani mlikuwa na mtutu mfupi, springi, na kipande kimoja cha chuma kizito kinachokwenda nyuma na mbele, na hicho ndicho kilichofanya kazi yote. Magazini yake haikuning'inia mbele. Iliingia ndani ya mshikio wenyewe, pale pale kiganja kinapokaa, ili hata gizani mkono wa kushoto uutafute wa kulia na risasi zipate mlango wao. "Mkono haupotei njia ya kwenda kwa mwenzake," alituambia, nasi tukatikisa vichwa kama watu waliozaliwa kambini.

Nikamuuliza swali la kujionyesha: je, inapiga umbali gani? Nilitarajia kuambiwa maili. "Hii si ya mbali," akajibu. "Bunduki ndefu ni ya adui aliye ng'ambo ya mto. Hii ni ya mtu unayeziona mboni za macho yake. Ya chumbani, ya ngazini, ya ndani ya gari. Aliyeibuni alitaka iwe fupi, iwe nyepesi, isigharimu sana kuiunda, na iteme risasi nyingi kabla hujamaliza kusema bismillahi. Akafaulu. Alichosahau ni kuitilia subira." Mtu mmoja akamuuliza kama yeye mwenyewe aliwahi kuitumia huko mpakani. Afande akamjibu, "Toa kiatu chako juu ya mkeka." Siku nyingine alitwambia, bila kuulizwa, kwamba anaiogopa, na kwamba siku atakayoacha kuiogopa ataomba apokonywe.

Subira iliyosahauliwa na mbunifu, afande aliitia yeye. Alitueleza kwamba rashasha za namna ile ukiziangusha kwa kitako, kile chuma kizito kinaruka nyuma kwa uzito wake, kinarudi mbele na risasi, na risasi haimuulizi mtu jina. Kwa hiyo akatuwekea sheria. Rashasha haiwekwi chini ovyo, haiegemezwi ukutani, haitundikwi msumarini kama koti. Inatoka mikononi mwa mtu, inaingia mikononi mwa mtu. Anayetoa anasema, "Pokea." Anayepokea anashika kwa mikono miwili, anasema, "Nimepokea." Kabla neno hilo halijatamkwa, mtoaji haachii, hata akipandwa na siafu. Alasiri nyingi zilipita tukisimama duara, tukipokezana. Watu wa barazani walicheka, wakasema afande amekuwa somo, yule mama wa kumfunda mwari, kwa sababu bibi harusi wa kwetu naye haachwi peke yake na hukabidhiwa kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Jina likashika, na tangu hapo rashasha ikaitwa Bibi Harusi. Afande hakuchukia.

Mimi wakati huo nilikuwa na bibi harusi mwingine kichwani. Nilikuwa nimepeleka posa katika nyumba moja ya mji mkongwe, kwa mzee aliyefanya biashara ya boriti hadi Pangani na Unguja, mtu wa kanzu iliyonyooka na maneno machache. Posa yangu hakuikubali wala hakuikataa. Alimwambia mjomba wangu, "Nitamtazama." Vijana wa leo hamjui uzito wa neno hilo. Nilitazamwa sokoni, nilitazamwa msikitini, nilitazamwa ninavyokula futari. Na kwa bahati yangu nyumba yake ilielekea uwanja wa mgambo. Kila alasiri mzee alikaa barazani na kahawa yake, akanitazama ninavyotambaa kwa tumbo na bunduki ya mawaridi, huku pazia la dirisha la juu likitikisika. Nilijua nani yuko nyuma ya pazia. Kwamba alikuwa anacheka mpaka anakaa chini, hilo nilikuja kulijua baadaye. Kilichoninyima usingizi ni habari kwamba kuna posa nyingine imetoka Dar es Salaam, ya kijana mwenye pikipiki.

Ikaja siku ya kuhitimu. Mgeni rasmi angetoka mkoani, na wazee wa mji walialikwa kukaa naye. Afande akatangaza kwamba mwanamgambo mmoja atasimama mstari wa mbele na rashasha ya kweli, na kwamba huyo ni mimi. Nilipita mjini kifua mbele. Nikamwambia kinyozi, nikamwambia muuza kahawa, nikahakikisha habari imefika barazani kwa mzee kwa njia tatu tofauti. Sababu ya kuchaguliwa sikumwambia mtu. Nilikuwa nimemsikia afande akimweleza msaidizi wake, "Mpe yule mfupi. Mikononi mwake itaonekana kubwa."

Asubuhi ya siku yenyewe afande aliniita pembeni. Akaichomoa magazini, akanionyesha kwamba haina kitu, akavuta kile chuma nyuma nikaona ndani mtupu. "Haina risasi," akasema. "Lakini uishike kama inazo. Pokea." Nikasema nimepokea. Kwa hiyo katika uwanja ule mzima watu wawili tu, mimi na yeye, tulijua kwamba Bibi Harusi siku ile alikuwa bati na springi basi. Likumbukeni jambo hilo, kwa kuwa mimi nililisahau.

Mgeni rasmi akahutubia, kisha akashuka kukagua mstari wetu, wazee wa mji wakimfuata. Ubavuni mwake alitembea mlinzi wake, kijana asiyetabasamu, mwenye koti lililotuna kiunoni. Mgeni akanipita, akaridhika na ukubwa wa silaha. Wazee wakapita. Mzee wangu hakupita. Alisimama mbele yangu, akanitazama, na nikajua kwamba kutazamwa kote kumefika mwisho na jibu langu liko njiani. "Shikamoo mzee," nikasema bila kutikisa midomo, kama tulivyofundishwa. "Marahaba, mwanangu," akajibu, akaninyooshea mkono wa kulia.

Hapa naomba mnihurumie. Mkono wangu wa kulia ulikuwa kwenye mshikio wa rashasha. Kumpa mzee mkono wa kushoto ni kumtukana, na kumtukana baba wa binti uliyemposa si kazi ya mtu mwenye akili zake. Kuuacha mkono wake uning'inie hewani mbele ya wazee wenzake ni kumwaibisha. Kuiweka silaha chini ilikuwa haramu ya afande. Mtu wa bara angesema "samahani mzee, niko kazini," na mzee angeelewa. Mimi nilizaliwa Bagamoyo. Akili yangu, ambayo imenisaliti mara nyingi lakini kamwe si kwa kasi ile, iliona njia moja tu. Nikaisukuma rashasha mbele kwa mikono miwili, nikatamka kwa sauti ya gwaride, "Pokea."

Mzee akapokea. Angefanya nini? Mtu wa kwetu ukimpa kitu kwa mikono miwili hukipokea kwa mikono miwili, kiwe kikombe, kiwe mtoto mchanga, kiwe mkasa. Na kwa vile alikuwa ameyasikia mafunzo yetu kila alasiri kutoka barazani, akasema kwa ufasaha, "Nimepokea." Nikaachia. Nikainama kwa adabu zote, nikautafuta mkono wake wa kulia niubusu, ndipo nikagundua kwamba mkono wenyewe sasa umeshika rashasha.

Nilipoinua macho, uwanja ulikuwa umekwisha kubadilika. Mgeni rasmi alikuwa amegeuka, na mbele ya tumbo lake kuna mtutu, na nyuma ya mtutu kuna mzee wa kanzu na kofia ya viua. Wenzangu, waliofundishwa kukabili dharura, waliikabili: nusu walilala kifudifudi, nusu wakamwelekezea mzee wangu bunduki za mninga zenye mawaridi. Mlinzi hakuwa na ya mninga. Mkono wake uliingia ndani ya koti ukatoka na bastola, na bastola ile haikuwa na ua hata moja. "Weka chini," akasema. Mzee alikuwa ameingiwa na baridi mpaka ndevu zinatetemeka, lakini mafunzo ya alasiri zote zile yalikuwa yamemkaa. "Hii haiwekwi chini," akamjibu mlinzi kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mgeni wa mji. Mlinzi akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Mzee akaikumbatia zaidi. Mimi, ambaye ningeweza kusema neno moja tu, kwamba haina risasi, nilikuwa bado nimeinama, mdomo wazi, nikiwa tayari kubusu.

Hapo afande akatembea. Hakukimbia. Alitoka pembeni mwa mstari kwa mwendo wa mtu anayekwenda kumjulia jirani hali, akapita kati ya mlinzi na mzee, akasimama. "Shikamoo mzee," akasema. "Marahaba," akajibu mzee. "Habari za nyumbani?" "Njema." "Watoto hawajambo?" "Hawajambo, alhamdulillahi." Salamu nzima ilitolewa, haikukatwa, na kadiri ilivyoendelea mzee alilegeza kumbatio lake. Kisha afande akanyoosha mikono yake miwili. "Tumekuja kumchukua bibi harusi wetu," akasema. Mzee akamkabidhi. Lakini hakuachia. Wakawa wameishika wote wawili, na uwanja mzima ukamsikia mzee akisema, "Hujasema." Afande akasema, "Nimepokea, mzee wangu." Ndipo mzee akaachia.

Afande akageuka, akaichomoa magazini, akamwonyesha mgeni rasmi kwamba haina kitu. Mgeni akajipangusa uso. Akamtazama mzee, akaitazama rashasha, akanitazama mimi niliyeinama, akaanza kucheka, na uwanja mzima ukapata ruhusa ya kucheka. Mcheza kwao hutunzwa, na mimi nilitunzwa kichurachura. Nilirukishwa kuuzunguka uwanja, nimechuchumaa, mikono masikioni, na kila nilipopita mbele ya nyumba ya mzee nililiona pazia la juu likitikisika kuliko siku zote. Usiku ule nilimwomba mjomba aende akaitoe posa yangu kimyakimya, kabla haijatupwa nje kwa kelele. Nikamtakia kheri yule wa pikipiki.

Mjomba alikwenda, akarudi na sura ya mtu aliyeongopewa. Mzee amekataa kuzungumza naye. Anamtaka afande. Basi afande akaja, amevaa kanzu ya kuazima iliyomwishia juu ya vifundo, tukaenda tukakaa barazani, mimi nikiwa nimejificha nyuma ya bega lake, jambo lisilohitaji juhudi kwa mtu wa kimo changu. Mzee akamimina kahawa. "Huyu kijana wako hana akili ya vita," akasema. "Hana, mzee," akakubali afande. "Angetupeleka kaburini sote." "Angetupeleka." Mzee akanywa kidogo. "Lakini mkono wangu hakuuacha hewani." Nilikuwa na mengi ya kusema juu ya adabu zangu, lakini nikaendelea kujificha.

"Nikwambie jambo," mzee akaendelea, sasa akimwangalia afande peke yake. "Wewe bastola hukuiona. Uliipa mgongo. Mimi nilikuwa naitazama juu ya bega lako muda wote ulipokuwa unaniuliza hali ya watoto." Mpaka dakika ile mimi nilidhani afande alifanya mzaha mzuri, mzaha wa bibi harusi, ukatuokoa. Sikuwa nimefikiri mgongo wake ulielekea wapi. Niliutazama mgongo huo, ulikuwa mbele ya pua yangu, na nikaona kwamba kanzu ya kuazima imelowa jasho. Mzee akasema, "Kijana huyu namwogopa. Lakini wewe ukisimama mshenga, nitatoa. Yakiharibika sitamfuata yeye, nitakufuata wewe." Afande akajibu, "Nitapatikana." "Basi pokea," akasema mzee. Na afande, bila kucheka, akasema amepokea.

Alipatikana. Huo ndio ushahidi ninaotaka kuutoa mbele yenu leo. Mzee alifariki, mkataba wa mgambo ukaisha, afande akavua buti akaenda kulima Kiwangwa, lakini ushenga wake haukuisha. Kila tulipogombana nyumbani, mke wangu alivaa buibui lake, akapanda gari, akaenda Kiwangwa kushitaki. Alirudi jioni na mananasi na hukumu. Mananasi yalikuwa matamu na hukumu haikuwahi kuniangukia vizuri hata siku moja. Nilimpigia simu nikiwa njiani mazikoni, nikamwambia afande ametangulia. Akasema, "Sasa nitakushitaki kwa nani?" Akalia. Nami nililia, ndani ya gari, na nanasi mapajani, na abiria wenzangu wakaona haya kwa niaba yangu.

Nimewaza sana njiani. Tulijua kuviogopa vitu vikubwa. Mzinga wa zamani ulikokotwa na watu wengi, na wote waliokuwa wanaukokota walijua wanakwenda kufanya nini. Aliyeibuni rashasha aliutoa uzito, na pamoja na uzito akautoa muda wa kufikiri. Tangu hapo nimeona vitu vingi vya hatari vikipunguzwa ukubwa hadi vikaenea kiganjani, hata hii simu yangu, inayoweza kuvunja nyumba ya mtu kwa kidole gumba. Silaumu bati wala springi. Ninachokikosa ni lile duara letu la alasiri. Maofisini mtu humaliza zamu akaliacha faili mezani, akaondoka akiamini kwamba kuna mtu. Wazazi humwachia mwalimu mtoto, mwalimu humwachia mzazi, na mtoto yuko njiani peke yake. Sisi sote tumekuwa hodari wa kusema pokea, na tunaachia kabla hatujasikia jibu.

Nilifika Kiwangwa wakati jeneza linatolewa. Ndugu wa marehemu alinijia, akaninyooshea mkono wa kulia, na mkono wangu wa kulia ulikuwa na nanasi. Naapa sikufikiri. Niligeukia mtu aliyesimama karibu yangu, nisiyemjua, nikamsukumia nanasi kwa mikono miwili, nikasema, "Pokea." Akapokea, maskini. Nikatoa mkono wa pole.

Mnajua tunavyobeba jeneza sisi. Haliwekwi chini njiani. Linapita juu ya watu, huyu anatoka, yule anaingia, bega kwa bega, kila mmoja akitaka thawabu yake, mpaka kaburini. Nami nikajipenyeza. Zamu yangu ilipofika, jeneza likapita juu ya bega langu bila kuligusa, kwa sababu waliokuwa mbele na nyuma walikuwa warefu kama marehemu mwenyewe. Mmoja akaniambia kwa huruma, "Mzee, pisha tu, hulifikii." Sikupisha. Nilinyoosha mikono yote miwili juu mpaka vidole vikagusa ubao, nikatembea hivyo, kwa ncha za vidole vya miguu, nikasema polepole, "Nimepokea, afande." Kisha likaingia mikononi mwa wengine.

Tulipomaliza kufukia na kuomba dua, watu wakaanza kutawanyika. Nilikuwa nimelisahau kabisa nanasi. Nyuma yangu nikasikia mtu anakohoa kwa adabu. Alikuwa yule yule, amelikumbatia kifuani, kanzu yake ikiwa na madoa ya utomvu. Alikuwa amesimama nalo wakati wote wa mazishi. Nikamuuliza kwa nini hakuliweka hata chini ya mti. Akashangaa. "Ulinipa mkononi, sheikh," akasema. "Hukuniambia niliweke." Nikalishika kwa mikono miwili. Hakuachia mpaka niliposema neno.

Basi funzo ninalowaachia ni dogo, na mimi nililipata kwa kuruka kichurachura. Ukimkabidhi mtu kitu, kiwe bunduki, kiwe binti, kiwe nanasi, usikiachie mpaka umsikie amesema ameshika. Na ukisema umeshika, patikana.